Siku Walipoifunga Bijo Miguu

Kijana mmoja alikuja gerejini kwangu wiki iliyopita akiwa amekumbatia mtungi wa buluu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani amshike kidogo: fahari tele, lakini hajui kichwa kikae wapi. Akautua juu ya benchi yangu, akapangusa jasho kwa mkono wa fulana, akasema, "Abaayo, niwekee hii kwa ile Datsun ya babu. Nataka ipae." Abaayo ni dada kwa Kisomali. Yule kijana ni rika la kifungua mimba wangu, lakini nani atakataa kuitwa dada? Nikafungua valvu kidogo sana, nijue ameniletea nini.

Psss. Ukungu mweupe wa baridi ukanipiga vidoleni, na nyuma yake ikaja harufu ya njiti ya kiberiti iliyozimwa sasa hivi. Gesi ya naitrasi yenyewe hainuki hivyo. Ina utamu fulani wa mbali, na ndiyo ile ile ambayo hospitalini huitwa gesi ya kucheka. Wanaoiuza kwa ajili ya magari huitia salfa makusudi, ili mtu asithubutu kuivuta puani. Nilifunga valvu haraka, lakini harufu ilikuwa imeshanipata. Mimi na gereji yangu, na mdomo wangu huu ambao Garissa nzima inaujua, nikarudi kuwa mtoto wa dugsi, chuo cha Kurani, mwenye hijabu iliyojaa vumbi, nimesimama nyuma ya buti la gari, mikono nimeitanua, nalia kwa hasira na kumzuia mama yangu asipite.

Ninyi wenzangu mliokulia mji huu mnaikumbuka Bijo. Ilikuwa Peugeot 504, rangi ya chai yenye maziwa mengi, na kwa kuwa ndimi zetu hazipatani na p, hakuna aliyewahi kuiita kwa jina lililoandikwa nyuma yake. Ilikuwa ya baba yangu. Kila alfajiri Aabo aliiwasha, akashika njia ya Sangailu, na kina mama wa kambi za ngamia wakawa wanamngoja kando ya barabara na jerikeni zao za maziwa. Kabla jua halijawa kali alikuwa ameshazishusha sokoni mbele ya mama yangu, Hooyo, ambaye aliyauza kwa wenye hoteli na kwa kila mwenye kikombe. Ndani ya Bijo mlikuwa na harufu tatu zisizotoka hata ukiosha: petroli, vumbi, na moshi wa vile vijiti ambavyo kina mama hufukizia vyombo vya maziwa. Mimi niliipenda harufu ile kuliko udi wa harusi. Nilijiona mwenye gari. Watoto wenzangu waliotaka kugusa hata kioo cha pembeni waliniomba ruhusa kwanza, na mara nyingi niliwanyima.

Bijo ikigoma siku moja, maziwa yalichachia porini, wale kina mama wakarudi kambini mikono mitupu, na sisi nyumbani tukanywa chai ya rangi. Hilo nililijua mapema kuliko nilivyojua kusoma.

Sasa, kulikuwa na mtu aitwaye Bare. Alikuwa na duka la mabati na misumari, tumbo la kutosha, na Benz nyeusi ya zamani aliyoing'arisha hadi ukaona meno yako. Kila Idd, alasiri, wanaume wenye magari ya zamani walishindana kwenye ile barabara ndefu iliyonyooka nje ya mji, askari wakiwa wamefunga njia pande zote mbili, na kila Idd Bare alishinda. Kushinda peke yake hakukumtosha. Asubuhi moja Ramadhani ikiwa inaelekea ukingoni, alikuja sokoni, akasimama kando ya Bijo jerikeni zikishushwa, akaipigapiga paani.

"Waryaa, wewe," alimwambia Aabo, kwa sauti ya kuwafikia wote, "huyu si gari, huyu ni ngamia wa kukamwa. Idd ikifika mwache nyumbani na ndama wake. Mashindano tuachie sisi wenye magari."

Soko likacheka. Baba yangu alikuwa mtu mpole, mtu wa kusema "haye, haye" hata akikanyagwa mguu. Hasira yake ilikuja kama mvua ya kwetu, mara chache na bila taarifa. Akashusha jerikeni aliyoishika, taratibu, akasema mbele ya wauza maziwa wote na wateja wao, "Wallahi, Bare, Idd hii utaona taa zangu za nyuma tu."

Wallahi! Nilikuwa nimesimama pale pale. Wiki ile ile mwalimu wetu wa dugsi alikuwa ametueleza juu ya watu wanaoapa kwa jina la Mwenyezi Mungu kisha wasitimize. Alieleza vizuri mno, mwalimu yule. Alikuwa na kipaji cha moto. Nilisikia kila kitu kuhusu ule moto, lakini ama aliishia hapo ama mimi niliacha kusikiliza, kwa sababu yaliyobaki ya somo lile sikuyapata. Kwa hiyo mimi nilielewa hivi: Aabo asipomshinda Bare, Aabo ataungua. Mimi sikuwa na haja ya sifa za soko wala kikombe cha mashindano. Nilitaka baba yangu asiungue, basi.

Hooyo yeye hesabu zake zilikuwa nyingine. Jioni ile, futari ikiwa bado mkekani, alimwambia Aabo, "Umeapa kwa mdomo wako, sawa. Lakini injini hiyo si yako peke yako. Asubuhi ya Idd Pili ngamia watakamwa kama kawaida. Wao hawajui sikukuu. Nataka asubuhi hiyo Bijo iwake. Ukiniua injini, umeniua mimi na soko langu, na wale wanawake wa porini."

"Itawaka," alisema Aabo.

"Si wewe wa kuniambia itawaka. Ndugu yangu ndiye atakayeniambia."

Ndugu yake alikuwa Abti Dekow, mjomba wangu, fundi aliyekaa miaka Mombasa akitengeneza magari ya mashindano. Akaja siku mbili tatu kabla ya Idd na mkoba wa spana, na mtungi wa buluu. Watoto wa mtaa walijaa ukutani kuutazama. Mimi nilikaa ndani, karibu, maana gari lilikuwa langu.

Abti Dekow alikuwa mtu wa kueleza. Usipomwuliza alikueleza, ukimwuliza, ukae chini. "Sikiza, Hodan," aliniambia, akinionyesha kwa bisibisi. "Injini inakula vitu viwili, petroli na hewa. Hii gesi haiungui. Ukiiwashia kiberiti haishiki. Kazi yake ni kuleta hewa, hewa nyingi mno kwa mkupuo mmoja, na moto ukipata hewa unapata wazimu. Kwa hiyo ukimpa hewa zaidi lazima umpe na petroli zaidi, saa hiyo hiyo. Ukimpa hewa bila petroli, moto unakosa cha kula, unaanza kula chuma. Pistoni inayeyuka kama samli. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Nilichoelewa ni kwamba Bijo itapata wazimu, na nikafurahi sana.

Furaha yangu haikumaliza asubuhi. Abti alifungua kipakiti chenye jeti, vile vishaba vidogo vyenye tundu katikati ambavyo gesi hupitia. Vilikuwa vya ukubwa mbalimbali. Akavipanga juu ya kitambaa, na Hooyo, aliyekuwa anapita na sufuria, akasimama. "Kipi ni kidogo kabisa?" akauliza. Abti akamwonyesha kimoja, tundu lake ni jicho la sindano. "Kiwe hicho," akasema Hooyo, akaenda zake. Na Abti, fundi mzima wa Mombasa, akakitia hicho!

Nikaanza kufuatilia kwa macho mawili. Aliufunga mtungi ndani ya buti kwa mikanda ya chuma na bolti nene, hilo sikuona ubaya. Akaweka mpira kutoka kwenye valvu yake ya usalama, akaupitisha chini ya gari, ili mtungi ukizidiwa na joto upumulie nje na si puani mwa dereva. Sawa pia. Akafunga pampu ya petroli ya peke yake kwa ajili ya ile petroli ya ziada. Vizuri kabisa. Lakini baadaye akatoa plagi zote na kutia nyingine, akisema hizi ni za baridi zaidi. Baridi! Akalegeza distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, akaizungusha kidogo, akasema, "Nimerudisha moto nyuma." Nyuma! Akaingia chini ya usukani, akaweka swichi chini ya kanyagio la mafuta na kitufe chekundu kando ya usukani, akamwambia Aabo, "Hiki kitufe chekundu hakifanyi kazi mpaka mguu wako uwe umegusa sakafu. Na usikibonyeze kabla ya gia ya tatu, injini iwe inaimba. Gari likiwa limesimama, usikiguse hata kwa kidole cha mtoto."

Aabo akawa anaitikia tu. "Haye. Haye."

Mimi nilikuwa nimeshaona watu wakifanya kazi kama ile. Nilikuwa nimeiona kambini, jua likizama, wakati wachungaji wanapowapigisha ngamia magoti na kuwafunga miguu ya mbele kwa kamba tunayoiita dabar, fupi, imesokotwa, ili ngamia asiweze kupiga hatua ndefu. Ngamia mwenye dabar anatembea kwa vihatua vya bibi harusi. Anaweza kula, anaweza kuzunguka hapa na pale, lakini mbali hafiki. Na sasa mama yangu mzazi na mjomba wangu walikuwa wanaifunga Bijo dabar, kamba moja baada ya nyingine, mchana kweupe, na baba yangu anawashikia tochi.

Sababu niliijua pia, au nilidhani naijua. Hooyo hakutaka mashindano. Hakuweza kuyazuia kwa mdomo, kwa hiyo ameyazuia kwa spana za ndugu yake.

Nilikwenda kwa Aabo wakati anatawadha. "Aabo," nikamnong'oneza, "Hooyo na Abti wameifunga Bijo dabar."

Akanitazama, maji yakimtiririka ndevuni. Nilitegemea ashtuke. Akacheka, tena kicheko cha kutoka tumboni, hadi ikambidi aanze udhu upya. "Kweli kabisa," akasema. "Waache wafunge."

Ati waache wafunge! Nilimwona mtu anayetabasamu akielekea motoni, na hakuna wa kumshika mkono isipokuwa mimi.

Idd ikafika na joto lake. Ninyi mnalijua joto lile, hakuna haja ya kuwasimulia. Ni lile ambalo ukitoka kivulini unahisi kama mtu amekushika kichwa. Tuliswali, tukala, tukavaa nguo mpya, na alasiri mji mzima ukahamia kwenye ile barabara. Bare alikuwa ameshafika, Benz inang'aa, yeye mwenyewe amejifukiza uturi hadi nzi wanamkwepa. Aabo akaisimamisha Bijo kando yake. Ilikuwa na vumbi la njia ya Sangailu kwenye magurudumu, na nilitamani ningeiosha.

Abti Dekow akafungua buti kutazama geji ya mtungi. Akapiga mluzi. Mshale ulikuwa umevuka mstari mwekundu.

"Huko kwa wenzetu wenye baridi wanaupasha mtungi moto ndipo ufanye kazi," akasema. "Hapa jua limeshatufanyia kupita kiasi. Nikiuacha hivi gesi itaingia kwa nguvu kuliko petroli, na nimeshawaambia moto usio na petroli unakula nini." Akageuka. "Dada, magunia yako yako wapi?"

Hooyo hakuuliza ya nini. Kila siku ya maisha yake aliwafundisha kina mama wa porini kufunga jerikeni za maziwa kwa magunia yaliyoloweshwa, upepo ukipita juu yake maziwa yanabaki baridi hadi sokoni. Magunia yalikuwa pale pale chini ya kiti cha nyuma, yananuka maziwa. Akayachovya kwenye ndoo, akaja nayo yanadondosha maji, moja kwa moja kuelekea butini.

Hapo ndipo nilipopasuka. Walikuwa wamembana miguu, wamempa plagi za baridi, wamerudisha moto wake nyuma, na sasa wanakuja kummwagia maji kabisa! Nikakimbia, nikasimama kati ya Hooyo na buti, nikatanua mikono.

"Hupiti!" nikapiga kelele. "Unataka Aabo aungue! Wewe unataka aungue!"

Watu waliovaa vizuri wakageuza shingo. Mama yangu akasimama na gunia lake, maji yakidondokea viatu vyake vipya vya Idd, na uso wake sijausahau: hakukasirika, alichanganyikiwa, kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua. Kutoka upande wa Benz nilimsikia Bare akisema, "Hata mtoto amekata tamaa," na wapambe wake wakacheka.

"Nani ataungua, Hodan?" Hooyo akauliza polepole.

"Aabo! Ameapa Wallahi! Na wewe unaizima gari!"

Aabo akashuka. Akapiga goti mbele yangu kwenye lami ya moto na kanzu yake nyeupe, akanifuta kamasi kwa ncha ya kilemba. Sasa ndipo alipoelewa kitu nilichokuwa nimekibeba wiki nzima, nikaona kikimwingia machoni. "Hodan," akasema, "mama yako akifunika maziwa kwa gunia la maji, anayaharibu?"

"Hapana."

"Basi mpishe."

Nikampisha, si kwa kuwa niliridhika; nilimpisha kwa kuwa ni yeye aliyeomba. Hooyo akauvisha mtungi magunia, tabaka juu ya tabaka, akaacha mlango wa buti wazi ili upepo ufanye kazi yake. Abti alisimama na macho kwenye geji. Mshale ukateremka polepole, ukavuka mstari mwekundu kurudi chini, ukafika alipoutaka. Akafunga buti. "Sasa," akasema.

Kuanza hakukuwa na kitu cha kusimulia. Leso ikashuka, Benz ikaruka, Bijo ikaondoka nyuma yake kama inavyoondoka kwenda kuchukua maziwa. Watu wakaanza kucheka. Gia ya pili, bado nyuma. Nilikuwa juu ya mabega ya Abti, nimeshika masikio yake, nanong'ona kila sura fupi ya Kurani niliyoihifadhi.

Halafu gia ya tatu. Nikasikia Bijo ikibadilisha sauti. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajaisikia. Ilikuwa inaguna, ikaacha kuguna, ikapiga ukelele mmoja mrefu, matako yakashuka chini na pua ikanyanyuka. Wallahi ile gari iliruka! Ule mwanya kati yake na Benz ukaliwa wote mbele ya macho yetu. Wauza maziwa wakapiga vigelegele. Mama yangu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikimbia, alikuwa anakimbia kando ya barabara na gunia moja bado mkononi. Bijo ikaifikia Benz, ikawa nayo bega kwa bega, ikatoa pua mbele, kisha gari zima. Nikaona taa zake za nyuma. Kila mtu aliziona, na Bare aliziona kuliko sote.

Na mara sauti ikakatika. Gari halikupasuka wala kufuka moshi. Ule ukelele ulizimika tu, Bijo ikarudia mguno wake wa kila siku, na Benz ikapita na kuvuka mstari ikiwa mbele kidogo.

Nililia mpaka nikaishiwa pumzi. Aabo aliporudi na gari, polepole, nilimrukia kabla hajazima injini. "Nilikwambia! Nilikwambia wameifunga!"

Akanipakata kwenye usukani. Alikuwa amelowa jasho, na, sijui nani ataniamini, alikuwa anatabasamu. Abti na Hooyo wakafika dirishani. "Imegonga," Aabo akawaambia. "Mara moja tu, mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Nikaachia kitufe."

Abti akazunguka mbele ya gari. Akafungua boneti pale pale, akangoja injini ipoe, akatoa jeti ya petroli ya ziada na kuielekeza kwenye jua. Akamwonyesha Hooyo. Chembe ya mchanga ilikuwa imekaa kwenye tundu, mchanga wetu huu huu wa Garissa unaoingia hadi kwenye mayai. Petroli ilianza kupungua gesi ikiwa bado inaingia. "Ningeweka jeti kubwa," Abti akasema, "au ningeacha moto pale ulipokuwa, hiyo kokoto asingeisikia. Pistoni ingekuwa imeshaondoka kabla sikio halijafika."

Bare akaja na mkono wa kutoa pole. Nitampa haki yake: alisema, "Taa za nyuma nimeziona, kidogo," akaenda. Lakini nilikuwa simsikilizi. Nilikuwa nimemshika Aabo kanzu.

"Sasa utaungua," nikamwambia.

"Nani kakwambia?"

"Mwalimu."

"Mwalimu hakumaliza," akasema. "Au wewe hukumaliza kusikiliza. Mtu akiapa akashindwa kutimiza, anatoa kafara. Analisha maskini, Mungu anamsamehe. Kiapo kina dawa, Hodan. Pistoni iliyoyeyuka haina." Akamtazama Hooyo juu ya kichwa changu. "Kesho nitalisha watu. Kwa maziwa, kama mwenye maziwa ataniuzia."

"Nitakuuzia," akasema Hooyo, "bei ya soko." Akamcheka, na akageuza uso haraka kufuta macho kwa lile gunia bichi. Nikajua kwamba alikuwa ameogopa wakati wote, pengine kuliko mimi.

Alfajiri ya Idd Pili Aabo aliniamsha mwenyewe. Tukaingia kwenye Bijo, mimi mbele. Akazungusha ufunguo, starta ikakohoa, na ikawaka, mara ya kwanza, kama vile jana haikutokea. Nikaona pazia la chumba cha Hooyo likishuka. Alikuwa amesimama pale anasikiliza.

Tulifika kambi ya kwanza mwanga ukianza. Mama mmoja mfugaji, Dahabo, rafiki wa Hooyo, alikuwa anapita kati ya ngamia akiwafungua dabar mmoja mmoja. Kila aliyefunguliwa alinyanyuka, akanyoosha miguu, akanguruma. Nilimfuata nyuma, nikamwuliza swali ambalo hakuna mtoto wa wafugaji mwenye akili aliyewahi kuliuliza. "Kwa nini unawafunga? Huwapendi?"

Dahabo akaniangalia, akadhani namtania. "Siwapendi?" akasema. "Nisiyempenda namwacha aende anakotaka. Huyu nimemfunga ili asubuhi nimkute."

Akanipa kibuyu nimshikie, akainama kukamua. Nilisimama pale na moshi wa kibuyu puani, Bijo nyuma yangu inanguruma polepole barabarani, na sikusema kitu tena asubuhi yote, jambo ambalo Aabo alilitaja hadi nikaolewa.

Leo Aabo ni mzee. Anakaa gerejini kwangu kwenye kiti cha plastiki, na lile sikio lililosikia chembe ya mchanga sasa halisikii adhana mpaka umguse bega. Kwa hiyo anaweka kiganja juu ya boneti, anafumba macho, na ananiambia silinda ipi imechoka. Hajakosea bado. Hooyo bado anamtuma alete gunia kila akisahau kwamba siku hizi maziwa yanaletwa kwa gari lenye friji.

Yule kijana wa Datsun nilimkalisha chini. Nikachukua jeti ndogo kabisa. Nikamwambia plagi zitabadilishwa, moto utarudi nyuma, pampu yake ya petroli itakuwa na machujio mawili kwa sababu mchanga wetu anaujua, swichi itakaa chini ya kanyagio, na mtungi hautakaa juani hata dakika ya kununua sigara. Nikamtupia gunia, nikamwonyesha bomba la maji. Akawa anasikiliza huku uso unamrefuka. Mwisho akashindwa.

"Lakini abaayo," akasema, "mimi nimekuja uifungulie hii gari. Wewe unaifunga tu."

Aabo hakusikia, lakini aliniona ninavyocheka, naye akaanza kucheka bila kujua ni nini.

"Ndiyo," nikamwambia kijana, "naifunga. Kesho asubuhi uje uikute."